TV gadi, stabilaiza au ekstensheni: ukiwa na hela ya kimoja, nunua kipi?

Karibuni wapendwa. Mezani hapa nina vitu vitatu: TV gadi, stabilaiza ya VA 1000 (VA ni kipimo cha uwezo wake), na ekstensheni yenye taa nyekundu iliyoandikwa kwamba inakinga umeme. Ukiingia dukani Kariakoo unaweza kuambiwa chukua chochote, kazi ni ileile. Si kweli, na kama mwezi huu una hela ya kitu kimoja tu, chukua gadi.

Umeme wa nyumbani Tanzania unatakiwa kuwa volti 230. Ukikatika tu, TV inazima, basi. Balaa liko kwenye kurudi: unawaka, unazima, unaruka juu, unashuka. Gadi inapima volti muda wote. Zikizidi au zikipungua mno, inakata. Umeme ukirudi haikuwashii papo hapo, inasubiri kwanza utulie. Hiyo subira ndiyo unayoilipia. Ila usipewe gadi ya friji badala yake. Ile inasubiri dakika kadhaa kwa ajili ya kompresa, na baadhi yake hukata umeme ukiwa mdogo tu, ukipanda haina habari. Soma boksi: lazima ikate juu na chini.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mmewahi kusikia mtaa mzima umeunguza TV usiku mmoja? Mara nyingi ni nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, imekatika huko kwenye nguzo. Nyutro ikitoka, volti zinagawanyika ovyo kati ya nyumba zilizo kwenye fezi tofauti, yaani nyaya tofauti zinazoleta umeme. Jirani taa zinafifia, kwako zinapanda 300 na zaidi, zinaweza hata kukaribia 400. Gadi inayokata umeme mkubwa inakuokoa hapo.

Ekstensheni hii haitakuokoa. Ndani yake kuna kidude kinaitwa varista, kimetengenezwa kumeza mruko wa umeme wa muda mfupi mno, chini ya kufumba na kufumbua. Volti 380 zikikaa, varista inachemka na kuungua yenyewe. Tena inachakaa kila inapomeza mruko, na nyingi zikishakufa soketi zinaendelea kutoa umeme kama kawaida, wewe unajiona umelindwa. Itumie kugawa soketi, ukiichomeka kwenye gadi.

Stabilaiza je? Yenyewe inapandisha au kushusha volti ili zikae karibu na 230. Geuza TV yako sasa hivi usome kibandiko cha nyuma. Kama kimeandikwa 100-240V, TV hiyo inavumilia umeme mdogo yenyewe, usiinunulie stabilaiza. Anayeihitaji ni mwenye amplifaya au sabufa yenye transfoma nzito ndani. Umeme ukishuka mpaka 170, besi inapwaya na ukiongeza sauti inakwaruza. Wanaokaa mwisho wa laini wanaijua hali hii, hasa jioni kila mtu akiwa amewasha vitu vyake.

Ukinunua, usidanganywe na namba ya VA, uliza wati. Na acha nafasi kubwa, kwa sababu umeme ukipungua stabilaiza inavuta ampea nyingi zaidi ili ikupe zilezile wati. Mzigo wa wati 500 kwenye volti 230 unavuta ampea 2.2 hivi. Kwenye 160 inakuwa 3.1, na bado joto la stabilaiza yenyewe. Za bei nafuu zinabadilisha volti kwa relei, yaani swichi ndogo za ndani, utasikia "tak, tak" filamu ikiwa kimya. Mlio huo unanikera sana, stabilaiza naiweka nyuma ya kabati penye hewa.

Wengi mmeniuliza kuhusu mngurumo kwenye spika. Stabilaiza haiutibu. Chomoa kebo ya dishi kwenye king'amuzi. Mngurumo ukiisha, shida ni umeme wa erthi (waya wa ardhini) unaozunguka kupitia ile kebo, muite fundi umeme akague erthi ya nyumba.

Kebo hiyohiyo ndiyo mlango wa radi. Hakuna kati ya hivi vitatu kinachozuia radi iliyopiga karibu, wala kinachogusa umeme unaoingia kupitia dishi. Ukiona wingu zito la mvua linakuja, chomoa plagi ukutani na kebo ya dishi, vyote viwili, kabla ngurumo hazijafika kwako.