Fundi wa valvu Ngamiani, hedi ya 22R imerudi inavuta

Wenye Hilux za zamani zenye injini ya 22R hapa Tanga, kama gari inakosa pumzi mlimani na mmeshabadili plagi mmesafisha kabureta bado tu, kuna kagereji Ngamiani, uchochoroni huko, wao ni hedi tu, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi, hawashiki kingine. Nampa nyota nne.

Mafundi wengi mjini wakikwambia kusaga valvu ni kupaka pasti ya kusagia, mtu anashika kijiti chenye mpira anapekecha kama anawasha moto porini, ikishakuwa kijivu basi, hedi inarudi. Huyu anaanza na gaidi, kale kabomba kanakoshika mguu wa valvu, anaitikisa valvu aone inacheza kiasi gani maana gaidi ikiliwa hata usage mpaka kesho valvu haikai katikati. Ndo anaingia mashineni sasa, siti, ule mdomo wa tundu kwenye hedi valvu inapofungia, anaikata pembe tatu, digrii 45 pale valvu inapokalia, juu 30, ndani 60, na ule mstari wa 45 anauacha milimita 1.2 mpaka 1.6 kama Toyota wenyewe wanavyotaka.

Kilichonikosha ni valvu za kuingiza hewa. Nyuma ya pale inapokalia pana kakona, anakakata kwa digrii 30 kanapotea, anasema hewa ikigonga ile kona inavurugika, hasa valvu ikiwa ndo kwanza inafunguka. Nikamwambia si na za ekzosi fundi? Akagoma. "Hizo zinakula moto kaka, joto lake linatokea kwenye siti, nikipapunguza hapo zinaungua halafu unirudie mimi." Hapo nikamkubali.

Kisha anapaka valvu rangi ya bluu, anaibana kwenye siti, anaitoa aone kama imegusa duara zima. Moja duara lake lilikuwa limekatika upande, kasehemu kama upana wa njiti ya kiberiti, mimi nisingekaona, ikarudi mashineni. Mwisho akamimina mafuta ya taa kwenye matundu aone kama kuna inayovuja.

Mombo kupanda Lushoto na saruji nyuma, zamani ni gia ya pili tu mpaka unaona aibu, sasa ya tatu inashika sehemu nyingi. Ila tusidanganyane, za ekzosi mbili zilikuwa zimeungua zinavuja, kwa hiyo nguvu nyingi ni kompresheni iliyorudi, kale kakona kameongezea kidogo.

Nyota moja nimekata kwa ajili ya muda. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, kwa huyu hedi ikija leo sahau kuondoka leo, na simu hapokei. Bei nayo imechangamka ukilinganisha na wa pasti.

Na ukishafunga hakikisha fundi wako anapima tapeti, ule uwazi kati ya valvu na roka inayoisukuma, injini ikiwa ya moto, milimita 0.20 za kuingiza na 0.30 za ekzosi, maana siti ikishakatwa valvu inazama, kule juu inapanda, tapeti zinabana. Hiyo kwake haimo kwenye bei, yeye anakukabidhi hedi basi.