Darasa la kuzama katika Kifaransa, Kanada: linampa nini mtoto wa nyumba ya Kiswahili

Huduma ninayoipima hapa hailipiwi karo. Iko katika shule za umma karibu Kanada nzima, na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili kule Toronto, Ottawa au Edmonton huisikia mara ya kwanza Januari, usajili wa Septemba ukiwa tayari umefunguliwa. Mtoto asiyejua neno hata moja la Kifaransa anaingizwa chekechea au darasa la kwanza, na tangu kengele ya asubuhi mwalimu anamsemesha Kifaransa tu: kwenye hesabu, kwenye michezo, hata anapomsaidia kuvua mabuti ya theluji. Kwenye fomu utaliona neno immersion, yaani kuzama. Kuna kuzama kwa kati, kunakoanza darasa la nne, na kwa kuchelewa, darasa la sita au la saba. Hapa nazungumzia kule kwa mapema.

Maoni yangu ni haya. Kwa kusikia na kusoma, sijui mpango mwingine wa shule ya umma unaomfikisha mtoto mbali hivyo katika lugha isiyo ya nyumbani kwao. Kwa kusema na kuandika, unatoa kidogo kuliko wazazi wanavyotarajia, na sababu zake zinajulikana. Nani anafaidika zaidi inategemea saa za Kifaransa, mwalimu, na kinachoendelea nyumbani.

Mpango ulianzia mwaka 1965 St. Lambert, karibu na Montreal, baada ya wazazi wanaozungumza Kiingereza kuibana bodi yao ya shule. Walichoka kuona watoto wanasoma Kifaransa miaka mingi na kuhitimu bila kuweza kumwagiza mkate muuzaji. Wallace Lambert na Richard Tucker wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuatilia watoto hao na kuchapisha matokeo mwaka 1972: Kifaransa kilikuwa juu sana kuliko cha watoto wa vipindi vya kawaida, na Kiingereza hakikuharibika.

Sasa saa, maana ndizo bidhaa yenyewe. Ontario inadai mtoto wa kuzama awe amepata angalau saa 3,800 za Kifaransa atakapomaliza darasa la nane. Anayesoma Kifaransa cha kawaida, kipindi kimoja kwa siku kuanzia darasa la nne, anafikia saa 600. Siku ya shule Ontario ina dakika 300 za masomo. Ukizidisha kwa siku 187 hivi za kufundisha, darasa lenye Kifaransa mwanzo hadi mwisho linatoa takriban saa 930 kwa mwaka, na lenye nusu kwa nusu 465. Tofauti hiyo ni kubwa, na bodi mbili zinazopakana zinaweza kuuza vitu viwili tofauti kwa jina moja: moja inampa mtoto Kifaransa kitupu hadi darasa la tatu, nyingine inagawa siku katikati tangu la kwanza. Kwa hiyo usiulize tu "mna immersion?" Uliza: hesabu inafundishwa kwa lugha gani darasa la kwanza? Sayansi je? Dakika ngapi kwa siku, na zinapungua mwaka gani?

Ndani ya darasa, asubuhi inaanzia kwenye zulia. Mwalimu, anayeitwa Madame au Monsieur, ana kalenda, picha za hali ya hewa na kijiti cha kuonyeshea. Quelle est la date aujourd'hui? Quel temps fait-il? Anagusa chembe ya theluji kwenye picha, anatetemeka kwa baridi, anasema il neige, theluji inaanguka, na watoto wanarudia. Kesho yale yale, na keshokutwa. Mzazi anayechungulia mlangoni huona marudio ya kuchosha, lakini kwa mtoto wa miaka mitano huo ndio mlango wa kuingilia. Anajua kitakachosemwa kabla hakijasemwa, kwa hiyo akili yake inabaki huru kusikiliza namna kinavyosemwa.

Miezi ya mwanzo watoto hujibu kwa Kiingereza, na mwalimu mzuri hawagombezi. Anapokea jibu, analirudisha kwa Kifaransa, anaendelea. Sentensi nzima ya kwanza karibu kila mahali ni ile ile, Est-ce que je peux aller aux toilettes? yaani naweza kwenda msalani? Mtoto anaimeza kama donge moja, kama wetu wanavyoimeza "shikamoo" bila kujua ndani yake kuna kitenzi. Baadaye sana, pengine darasa la pili, donge linavunjika na anagundua kwamba je peux, "naweza", anaweza kulitumia kuombea vitu vingine.

Hapa mtoto wa nyumba ya Kiswahili ana mtaji ambao walimu wengi hawaujui. Watoto wanaofikiri kwa Kiingereza husema je suis six ans, "mimi ni miaka sita", na kosa hilo linawaganda kwa miaka. Kifaransa ni j'ai six ans, neno kwa neno "nina miaka sita". Ni hivyo hivyo kwa j'ai faim, nina njaa, na j'ai soif, nina kiu. Kivumishi nacho: la maison blanche, nyumba nyeupe, kwa mpangilio uleule. Mtoto aliyezoea kwamba kitabu ni kizuri na miti ni mizuri hashangai akiambiwa sifa lazima ifuate jina lake, ingawa le ya majina ya kiume na la ya majina ya kike itabidi azikariri jina kwa jina. Walimu wengi huandika majina ya kike kwa rangi moja na ya kiume kwa nyingine kwenye ukuta wa maneno. Mwambie mtoto akariri la table, asikariri table peke yake. Mtaji huu unafanya kazi mzazi akiufungua kwa mkono: mkae pamoja, mseme sentensi kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, aone zinavyofanana.

Kwenye kusoma kuna faida na kuna mtego. Aliyejifunza ba, be, bi, bo, bu tayari anajua silabi ni nini. Mtego ni kwamba Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, na Kifaransa hakisomwi hivyo. Sauti yetu ya u inaandikwa ou; herufi u yao ni sauti ambayo hatuna, midomo ikiwa imechongoka kama ya mtu apigaye mluzi huku ulimi ukitamka i. Kuna an na on za puani, kuna eau, herufi tatu zinazotoa "o" moja, na kuna herufi za mwisho zisizotamkwa: ils parlent huishia kwenye l. Darasa la kwanza hufundisha sauti hizi moja moja, kwa wimbo na ishara ya mkono, pamoja na maneno madogo ya kukariri kwa macho kama est, avec, dans. Mtoto akija na karatasi ya maneno hayo, dakika kumi kila siku zinatosha. Saa nzima ya Jumapili haifidii wiki iliyopita bure.

Hesabu huteleza mahali pamoja panapojulikana: sabini hadi tisini na tisa. Soixante-dix ni "sitini na kumi", quatre-vingt-dix ni "ishirini mara nne na kumi". Mtoto anayehesabu vizuri hadi sitini na tisa ghafla anaonekana hajui hesabu, kumbe kinachomshinda ni majina. Familia za Kongo, Burundi na Rwanda zina la ziada: nyumbani Kifaransa chao ni septante na nonante, na Kanada mwalimu anasema vingine. Yote mawili ni Kifaransa sahihi. Mweleze mtoto hivyo, na mwambie mwalimu mapema asije akamsahihisha bibi wa watu.

Sasa udhaifu. Mwanafunzi akifika darasa la nane anaelewa karibu kila anachosikia, anasoma gazeti, lakini akisema anachanganya le na la, anachanganya nyakati mbili zilizopita (passé composé penye imparfait), na anamwita mkuu wa shule kwa neno tu, "wewe" ya marafiki, badala ya vous, "wewe" ya heshima. Mtafiti Merrill Swain alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1980: kusikia kwingi hakutoshi, lazima mtoto asukumwe kutunga sentensi zake. Piga hesabu. Darasa lina watoto 20. Hata mwalimu angewaachia nusu ya dakika 300 wazungumze mmoja mmoja, kila mtoto angepata dakika saba na nusu kwa siku, na hakuna mwalimu anayeacha nusu. Uwanjani, wakati wa mapumziko, wote wanarudi kwenye Kiingereza. Kifaransa wanachosikia kinatoka kwenye mdomo wa mtu mzima mmoja na kwenye midomo ya wenzao wanaokosea kama wao.

Kuna jambo la ufundi linalotenganisha mwalimu wa kawaida na mwalimu hodari. Mtoto akisema le table est grand, "meza ni kubwa" lakini kana kwamba meza ni jina la kiume, wa kawaida anajibu Oui, la table est grande na kusonga mbele. Ni sahihi na ni kwa upole, lakini mtoto amesikia "oui", amefurahi, hakusikia kingine. Hodari anauliza La table est…? ananyamaza, anasubiri mpaka mtoto mwenyewe aiseme grande. Utafiti wa Roy Lyster na Leila Ranta wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba njia ile ya kwanza ndiyo iliyotumiwa zaidi na ndiyo iliyowafanya watoto wajirekebishe kwa uchache zaidi. Siku ya kutembelea shule, kaa nyuma dakika ishirini na usikilize jambo hilo moja. Angalia pia kama watoto wanafanya kazi wawili wawili, na wakiwa hivyo wanatumia lugha gani.

Kiingereza kinawatia wazazi hofu isiyostahili. Alberta hukiingiza kama somo darasa la tatu, British Columbia la nne. Kabla ya hapo tahajia ya Kiingereza itakuwa ya ajabu, na mtoto wa jirani atakuwa mbele. Kwa kawaida pengo hilo linazibika ndani ya mwaka mmoja hivi baada ya somo kuanza. Kinachozama kweli katika mpango huu ni Kiswahili. Mtoto anapewa Kifaransa darasani na Kiingereza kila mahali pengine. Kiswahili kikibaki cha "njoo ule" na "kalale", darasa la tatu atakuwa anajibu kwa Kiingereza mezani. Basi kisiachwe. Msomee kwa Kiswahili kila usiku, na akirudi mwambie akusimulie kwa Kiswahili walichofanya kwenye sayansi. Aliyeelewa jambo anaweza kulisimulia kwa lugha nyingine, kwa hiyo mazungumzo hayo hayo yanakuonyesha kama Kifaransa kinaingia.

Familia zilizotoka Kongo au Burundi zikijua Kifaransa, zisikimbilie darasa la kuzama kabla ya kuuliza mlango wa pili. Kanada ina shule za Kifaransa zenyewe, zenye bodi zao, ambako ofisini na uwanjani pia lugha ni Kifaransa. Kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki wa mwaka 1982, ulio sehemu ya katiba ya Kanada, kinawapa haki hiyo raia ambao lugha yao ya kwanza ni Kifaransa au waliosoma msingi kwa Kifaransa nchini Kanada. Usipotimiza masharti, Ontario ina kamati za udahili zinazoweza kumpokea mtoto, na inafaa kuomba. Quebec mambo ni tofauti kabisa: kwa sheria ya mwaka 1977, watoto wa wahamiaji kwa kawaida huenda shule za Kifaransa moja kwa moja.

Upande wa uendeshaji, huduma inachechemea. Walimu wanaojua Kifaransa vizuri ni haba nchi nzima, kwa hiyo Madame akiugua anayeshika darasa huenda hajui lugha, na siku hiyo saa zako za Kifaransa ni sifuri. Uliza mwaka jana darasa la kwanza lilipitia walimu wangapi. Shule yenyewe huenda isiwe ya mtaani kwako, na basi la shule si kila bodi hulitoa. Nafasi zikijaa, bodi nyingine huchagua watoto kwa bahati nasibu.

Msaada kwa mtoto anayesoma kwa shida ndio unaonikera zaidi. Shule nyingi humshauri mzazi amtoe mtoto aende upande wa Kiingereza, ambako mtaalamu yupo. Lakini mwenye disleksia, yaani tatizo la kudumu la kusoma, huwa nayo kwa lugha zote. Kuhama hakuiondoi, kunampunguzia lugha tu. Dai msaada ndani ya darasa alilopo kwanza, kwa maandishi.

Na usimtoe Novemba. Oktoba na Novemba mtoto hurudi amechoka, anasema "sielewi kitu", na kutoka ni rahisi kuliko kurudi, kwani baada ya darasa la kwanza bodi nyingi hazimpokei tena asiyejua Kifaransa. Subiri hadi Machi, wengi huwa wamefunguka. Akiwa bado hafuati hata maagizo ya kila siku, na nyumbani pia inabidi umwambie mara tatu kwa Kiswahili, kabla ya kuzungumzia lugha mpeleke apimwe masikio.