Chuo cha ufundi ndege hapa Mwanza: uzoefu wangu na dirisha la stoo

Wengi mmeniuliza inbox kama mje kusoma kwenye chuo hiki, naanza na jibu: msiende. Au ngojeni, nendeni, ila someni hii mpaka mwisho kwanza, maana nimekasirika na sitaki hasira zangu zimuumize mwalimu mmoja pale ambaye hana kosa lolote.

Jina la chuo sitaji. Ada, muda wa kozi, ufaulu wanaotaka, vyote viko kwenye fomu yao, kachukueni. Mi naongelea kitu kimoja, toki renchi, ile spana inayopima umekaza bolti kwa nguvu kiasi gani.

Kwa ambao hawajui, bolti ya ndege haikazwi kwa kukisia na mkono. Kila moja ina kipimo chake kimeandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo, ukilegeza inatikisika mpaka inatoka, ukizidisha inavutika inakuja kukatika wakati mwingine kabisa, we umeshasahau. Hata mafuta kwenye thredi, ile mikato ya kuzunguka kwenye bolti, yanabadilisha hesabu, kipimo kile kile kinaivuta zaidi bolti yenye mafuta kuliko iliyo kavu. Hayo tulifundishwa asubuhi, mchana tukaenda karakana tukapanga foleni dirishani stoo kuchukua vifaa.

Stoo kipa akanipa toki renchi. Nikaigeuza kama tulivyoambiwa asubuhi ile ile, nikatafuta stika ya kalibresheni, yaani inayoonyesha kifaa kilipimwa lini na kinatakiwa kupimwa tena lini. Stika ipo, kona moja imebanduka, lakini tarehe inasomeka vizuri tu na ilikuwa imepita, sio kwa wiki wala miezi, imepita zaidi ya mwaka. Halafu mpini umeachwa umezungushwa mpaka namba za juu kabisa. Ile spana ndani ina springi, ukimaliza kazi unaishusha mpaka namba ya chini kabisa ndo unairudisha kwenye boksi lake, usipofanya hivyo springi inakaa imebanwa siku zote, inachoka, na ikishachoka inakudanganya, itakuambia tayari wakati bado.

Nikamwambia kwa adabu kabisa, "Shikamoo baba, samahani, hii stika yake imepita tarehe, hakuna nyingine?" Marahaba hakuitikia. Akanitazama juu mpaka chini, "We binti, umekuja kusoma au umekuja kukagua?" Nikakaa kimya. Akapandisha sauti darasa zima lisikie, "Wenzako wote wameitumia na hakuna aliyekufa, kama huitaki irudishe ukasomee ususi." Na kuna watu walicheka.

Jamani. Dada yangu ni msusi pale Nyakato na ada yangu kwa sehemu kubwa imetoka kwenye vidole vyake, kwa hiyo ususi sio tusi kwangu. Kilichoniuma ni kwamba nimeuliza swali sahihi kuliko yote unayoweza kuuliza kwenye dirisha lile, nikajibiwa kama mwizi. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, mizani yake inahakikiwa na Wakala wa Vipimo na inapigwa muhuri, wakimkuta nayo haina muhuri wa mwaka anapigwa faini, kwa dagaa! Sasa kifaa cha kujifunzia kukaza bolti za ndege mtu akiuliza anafokewa?

Na hapo hapo chuoni, ukuta unaofuata, kuna somo la makosa ya kibinadamu. Tunakaririshwa yale mambo 12 ambayo Gordon Dupont wa Kanada aliyakusanya mwaka 1993, yanayomfanya fundi akosee: uchovu, haraka, kukosa mawasiliano na kadhalika. Mojawapo ni kukosa uthubutu wa kusema, yaani umeona tatizo ukanyamaza. Lingine ni mazoea mabaya ya mahali pa kazi, "hapa ndo tunavyofanyaga". Tumeyafanyia hadi jaribio. Yule baba yote mawili aliyachochea ndani ya dakika moja na hakuna aliyemgusa.

Somo hilo hilo ndo lenye kisa cha ndege ya British Airways namba 5390, Juni 10, 1990. Fundi alibadilisha kioo cha mbele usiku, akachagua bolti kwa kulinganisha na za zamani kwa macho, kati ya bolti 90 zikawekwa 84 nyembamba kuliko zinazotakiwa. Ndege ikapaa kutoka Birmingham, ilipofika kama futi 17,000 kioo kikang'oka na rubani Tim Lancaster akavutwa nje nusu mwili, wenzake wakamshika miguu mpaka msaidizi wake akatua Southampton, na akapona. Mnajua kilichonigusa ni nini? Kwenye ripoti ya uchunguzi wa tukio lile mtu wa stoo ndo alimwambia fundi kioo kile kinatumia bolti za aina nyingine, fundi hakusikia. Mtu wa stoo! Yaani stoo ni sehemu ya usalama wa ndege, sio kibanda cha kugawia spana, na sisi pale dirishani tuna mtu wa kututukana.

Sasa nimtaje na yule mwalimu niliyesema hana kosa, maana bila yeye ningeshaondoka. Ni mzee, amefanya kazi kwenye mahanga, yaani mabanda ya kutengenezea ndege, miaka mingi, anatufundisha kufunga bolti kwa waya wa usalama. Unapitisha waya kwenye tundu la kichwa cha bolti ya kwanza, unausokota, unaupeleka bolti ya pili, na lazima ukae upande ambao bolti ikitaka kulegea waya unaivuta irudi kukaza. Ncha ya mwisho unaikunja kwa ndani isije ikamchana mkono fundi atakayekuja baada yako. Wa kwangu aliuangalia kwa tochi, akapitisha kidole taratibu kwenye msokoto, akaukata. "Mwanangu, umesokota vizuri lakini umeupeleka upande wa kufungulia. Anza upya, na waya uliokatwa haurudiwi." Hakupiga kelele. Siku niliyopatia akaita wenzangu wote waje waone, nikatembea kwa miguu hadi stendi nimejaa furaha hata daladala sikuona haja ya kugombania. Kwa ajili ya huyu mzee nasema nendeni, lipeni, hamtapata mwalimu kama huyu kirahisi.

Ila sasa sikilizeni. Nilimweleza habari ya toki renchi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuichukua mwenyewe, akaizungushia tepu ya karatasi akaandika kwa maka pen ISITUMIKE, akaifungia kwenye droo yake. Baada ya siku chache akapata udhuru hakuja, na ile spana ikawa imerudi dirishani, tepu imebanduliwa, darasa jingine wanaitumia. Nikaenda ofisini. Dada wa ofisini, mpole tu, akaniambia, "Mdogo wangu, yule mzoee, ndivyo alivyo, hizo ni za kujifunzia tu haziendi kwenye ndege."

Za kujifunzia tu! Mkono unaojifunza kutoangalia stika leo ndo huo huo utakaoshika ndege kesho. Huku ziwani kila nikisema nasomea ufundi wa ndege lazima mtu anikumbushe ile iliyoanguka majini Bukoba Novemba 2022, watu 19 wakafa, na wavuvi ndo wa kwanza kufika kuokoa. Hakuna anayenitania wakiongea hivyo, wananiangalia usoni.

Kwa hiyo narudi kwenye msiende. Au mkienda, kabla hamjalipa hata shilingi ombeni kuona stoo, shikeni vifaa, someni stika. Na waulizeni kama kozi yao imeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wawaonyeshe karatasi, maana cheti cha chuo sio leseni, leseni inatoka kwa mamlaka baada ya mitihani na uzoefu wa kazi, na hilo mapokezi hawalisemi mpaka uulize.

Mi nimelipa nusu ya muhula unaokuja, kwa sababu ya mzee. Nusu nyingine nimeizuia. Barua kwa mkuu wa chuo nimeshaandika, nimeweka na picha ya stika, wenzangu wawili wamesaini, mmoja ni kati ya waliocheka siku ile. Jumatatu naipeleka kwa mkono na nataka nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.