Vikombe vya chai vya Hagi: vichemshe kwa maji ya mchele kwanza

Niliagiza viwili vya aina ya yunomi, virefu kiasi na visivyo na mkono, vilivyofinyangwa Hagi, mkoa wa Yamaguchi, Japani. Kila kimoja kinabeba kama mililita 200. Udongo wake ni wa chembechembe na hauchomwi hadi ukakaza kama kauri, kwa hiyo hubaki na vitundu vidogo. Ukikigonga kwa kucha hakilii kwa mlio mkali. Kinajibu kwa sauti nzito. Vitundu hivyo ndiyo sababu chai ya moto haiunguzi vidole upesi.

Ndiyo sababu pia kikiwa kipya hutoa jasho kitakoni na kuacha duara la maji mezani. Muuzaji hakuweka hata kijikaratasi cha maelekezo, na hilo ni kosa kubwa, maana mtu atadhani kimepasuka.

Dawa yake ni hii. Kiloweke kwenye maji safi saa kadhaa. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, weka kikombe, mimina maji yaliyooshea mchele, yale meupe ya mwanzo, hadi kizame. Washa moto mdogo maji yakiwa bado baridi, kwani joto la ghafla hukipasua. Yakianza kutokota yaache dakika 20 hivi, zima, kipoe humohumo. Suuza, kisha kianike kivulini siku mbili. Wanga huziba vitundu. Kikiendelea kuvuja, rudia. Changu kimoja kilihitaji mara mbili.

Uzuri wake uko kwenye ule utando wa kioo, mweupe wa maziwa juu ya udongo wa rangi ya pichi. Una nyufa nyembamba kama nywele, na chai hupenya humo taratibu, rangi ikabadilika mwaka hadi mwaka. Wajapani husema Hagi hugeuka mara saba. Mimi natilia chai ya kijani tu. Chai yetu ya maziwa na iliki huacha mafuta na harufu isiyotoka, na sabuni nayo hunywewa na udongo. Osha kwa maji ya moto na sifongo laini.

Kitako hakina utando na kinakwaruza meza, hivyo pitisha msasa laini. Kabla ya kukirudisha kwenye boksi hakikisha kitako kimekauka kabisa, vinginevyo ukungu huanzia hapo. Maikrowevu na mashine ya kuoshea vyombo, hapana.