Sanduku la mawe saba kutoka Mji Mkongwe: mawe nimeyapenda, karatasi yake siitaki

Duka silitaji jina. Liko Mji Mkongwe, ukitoka Forodhani ukaingia vichochoroni, kati ya wauza khanga na wauza viungo vya watalii. Wana sanduku la mbao lenye mawe ghafi saba, kila moja na kijumba chake, pamoja na karatasi inayoeleza jiwe limetoka wapi na lina nguvu gani. Kijana wa dukani alianza kwa dola. Nilipomjibu akacheka, "Kumbe mama wa hapahapa!", tukamalizana kwa shilingi elfu sitini. Mimi nasomesha kemia sekondari, na nimechoka kuwaonesha wanafunzi picha za madini kwenye kitabu kilichofifia.

Lililonifurahisha kupita yote ni rubi iliyomo ndani ya zoisiti. Hili hutoka Longido, upande wa kaskazini kule karibu na Kenya, na ni jiwe la kijani lenye mabaka mekundu na michirizi myeusi. Wekundu ule ni rubi kweli, ingawa si ya kung'aa ya kutiwa kwenye pete. Nililipitisha juu ya kipande cha chupa: pale penye wekundu kioo kilikwaruzika bila kubishana, maana rubi ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs kinachoishia 10 kwa almasi. Zoisiti inayoizunguka ni 6 na kitu. Ndiyo maana mafundi wanaona tabu kulisugua jiwe hili likawa laini sawasawa. Kijani huliwa haraka, nyekundu inabaki imetuna. Wanafunzi wangu waligombania kulishika. Hili peke yake lingeuzwa elfu ishirini nisingelalamika.

Tanzanaiti ni vipande viwili vidogo kuliko ukucha wangu. Kimoja kimeelekea ukahawia, na mtu asiyejua angesema kaibiwa. Hapana. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini na ukahawia wake, kisha hupashwa moto wa nyuzi 500 hadi 600 hivi ndipo buluu inapojitokeza. Buluu yenyewe inatokana na metali iitwayo vanadiamu iliyomo ndani. Kile cha pili kilikuwa tayari na rangi, nikakielekeza kwenye taa na kukigeuza polepole: upande huu buluu, upande huu zambarau. Vitu hivi huchimbwa sehemu moja tu duniani, Mirerani, wilaya ya Simanjiro mkoani Manyara. Kijana alisema "Arusha", nami sikumsahihisha.

Karatasi sasa. Imeandikwa kwamba "tangu enzi za wahenga tanzanaiti imetumika kufungua jicho la ndani." Wahenga gani? Jiwe hili limejulikana mwaka 1967, na jina la tanzanaiti lilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ili liuzike. Mama yangu ni mkubwa kuliko jina hilo. Ingekuwa wahenga walilitumia, yeye angekuwa mmoja wao.

Amethisti ni nzuri, kishungu cha zambarau chenye ncha zake za asili hazijaguswa na msumeno. Ni kwatzi, ugumu wa 7, rangi yake inatokana na chuma kidogo kilichomo ndani. Karatasi inasema iwekwe chini ya mto ilete usingizi. Nimeiweka. Nimelala kama ninavyolala siku zote, na usiku umeme ulipokatika feni ikazima, amethisti haikufanya lolote. Wagiriki wa kale waliamini inamzuia mtu asilewe. Kwa wengi wetu huku nguvu hiyo haina kazi. Jambo ambalo karatasi ingetakiwa kulisema haikulisema: usiiache dirishani. Jua kali huipausha.

Kuna kipande cha kwatzi nyeupe inayopitisha mwanga, hicho nakipita. Akiki nayo karatasi imeipa mstari mmoja tu, "huleta ujasiri", na hapo nilisikitika, maana katika mawe yote saba ndilo lenye historia na pwani yetu. Shanga za akiki kutoka Khambhat, Gujarat, zilikuja huku kwa majahazi karne nyingi, na Wahindi wale walikuwa wakizipasha moto ili wekundu ukolee. Wazee wetu bado wanavaa pete za fedha zenye akiki. Mteja wa hapa angefurahi kusoma hayo kuliko habari za ujasiri.

Pana mawili yaliyonikera. La kwanza ni malakiti, lile la kijani lenye miviringo, zuri mno kwa macho, la aina inayotoka Katanga huko Kongo. Karatasi inamshauri mtu alitie kwenye gilasi ya maji usiku kucha, asubuhi ayanywe "kusafisha moyo". Tafadhalini msifanye hivyo! Malakiti ni kaboneti ya shaba, tena ni laini na huyeyuka kwenye tindikali, hata ya ndimu. Mtu akikamulia ndimu kwenye maji yake, kama wengi tunavyofanya, atakunywa shaba. Nilirudi dukani nikamwambia kijana. Alisikiliza kwa adabu, akasema, "Shikamoo mwalimu, mimi nauza tu, karatasi huja nazo bosi." Bosi sijamwona.

La pili limeandikwa "jiwe la baraka za bahari ya Zanzibar". Jeupe, lina vitundu, jepesi kidogo. Nililimwagia siki likatoa mapovu papo hapo, kwa kuwa ni kaboneti ya kalisi: jiwe la matumbawe, lilelile lililojengea Mji Mkongwe na tunalolichoma kupata chokaa. Ukitoka nje ya duka hilo ukainua macho, utaona baraka hizo ukutani pale plasta ilipobanduka, na hakuna anayekudai senti. Vito havichimbwi Unguja. Kila jiwe la thamani unalouziwa hapa limevuka maji. Sioni aibu katika hilo, lakini kuziba kijumba cha saba kwa kipande cha ukuta ni ujanja.

Kuhusu hizo nguvu kwa jumla, sijaona jiwe lililomtibu mtu kwa kushikwa. Mama alipoliona sanduku alisema kulitegemea jiwe ni shirki. Mama huyohuyo Alhamisi jioni hutia shabu kwenye chetezo kuondoa kijicho, na ukimuuliza anasema shabu ni dawa. Basi tumelijaribu pamoja. Shabu ni chumvi ya madini yenye maji mengi ndani ya fuwele zake. Ikipata moto maji yanatoka, nayo huvimba kama andazi na kuganda kwa maumbo ya ajabu. Yeye huona jicho la hasidi, mimi huona mvuke ukitoka, na wote wawili tunaangalia mpaka mwisho. Kikwapani nayo inafanya kazi kweli, inazuia harufu, na Darajani unapata bonge la kukaa miezi kwa bei ndogo mno. Kwa matumizi ya nyumbani, shabu imelishinda sanduku zima.

Kama unataka mawe haya kwa skuli au kwa mapenzi tu ya kuyatazama, usichukue sanduku. Chini ya meza pana trei ya mawe ya kuchagua moja moja, hawaitoi mpaka uombe. Chukua rubi na zoisiti, chukua amethisti, na nenda na kipande cha chupa mfukoni ukayajaribu mwenyewe. Ukinunua tanzanaiti dai risiti iliyochapwa; mimi nilipewa ya kuandikwa kwa mkono, ikabidi nirudi. Utoroshaji wa jiwe hili ulifika mahali serikali ikazungushia machimbo ya Mirerani ukuta mwaka 2018, kwa hiyo usisafiri nalo bila risiti hiyo. Nyota tatu kati ya tano, na zingekuwa nne kama wangechapa maelezo mengine.