Shahada ya hesabu Nairobi: ama saba ama sifuri

Mtihani wa uchanganuzi wa namba halisi, mwaka wa pili. Ndani ya swali la kwanza, lile la lazima lenye alama 30, kulikuwa na kipengele kinachojulikana na kila mtu: kwa epsiloni na delta, thibitisha kwamba x² inakaribia 9 x inapokaribia 3. Yaani upewe ε yoyote chanya, utafute δ chanya ambayo x ikiwa umbali usiofika δ kutoka 3, x² iwe umbali usiofika ε kutoka 9. Notisi za mhadhiri, zile zile zinazotolewa fotokopi kibandani nje ya geti, huchagua δ iliyo ndogo kati ya 1 na ε/7. Mimi nikachagua iliyo ndogo kati ya 2 na ε/8.

Kagueni wenyewe. Umbali wa x kutoka 3 usipofika 2, x iko kati ya 1 na 5, kwa hiyo x + 3 haifiki 8. Basi |x² − 9| = |x − 3||x + 3| ni chini ya 8 × ε/8, yaani ε. Kazi imeisha. Nikapewa sifuri! Ile 8 imezungushiwa wino mwekundu kama tusi.

Nikamfuata mhadhiri ofisini. Akajibu, macho kwenye simu: "Kijana, mwongozo wa kusahihisha unasema saba."

Daktari mzima! Delta haiko moja. Ukipata inayofaa, yoyote chanya iliyo ndogo kuliko hiyo inafaa pia. Hata ndogo kati ya 1 na ε/100 ingepita. Na mwenzangu aliyeandika δ = ε/|x + 3|, kosa halisi kwa kuwa delta hairuhusiwi kutegemea x, alipata alama mbili za jitihada. Kwa hiyo mkiangukia mikononi mwake, anzeni na 1, mpate 7, mnyamaze.

Haki ya Mungu, idara si mbovu yote. Kwenye aljebra tuliulizwa kundi (seti yenye kanuni ya kuzidisha memba wake, ambamo kila memba ana kinyume) ambalo kila memba a ana a² = e, e ikiwa memba anayefanya kazi ya 1, tuonyeshe ab = ba. Wengine walipanua (ab)² = e. Wengine walisema kila memba ni kinyume chake mwenyewe, hivyo ab = (ab)⁻¹ = b⁻¹a⁻¹ = ba. Mwalimu akawapa wote alama kamili, na pembeni akaandika ni wapi hoja ingeweza kufupishwa. Kwa mwalimu huyo ningekaa hadi uzamivu.

Nyota nne kwa shahada hii, basi. Ila kuomba kusahihishiwa upya kunalipiwa, na karatasi inarudi mezani kwa yule yule wa saba. Mbili. Na zote mbili ni za aljebra.