Uzoefu wangu: kompyuta ya gemu inayopozwa kwa maji ndani ya keisi ya Lian Li O11 Dynamic, hapa Dodoma

Kilichonisukuma ni kelele. Kompyuta yangu ya zamani ilipozwa kwa feni tupu, na kila nikiwasha gemu saa tatu usiku watoto wakiwa wamelala chumba cha pili, ilivuma kama mashine ya kusaga. Tunakaa Nkuhungu, na kuanzia Juni upepo huleta vumbi jekundu hata ukifunga madirisha. Siku niliyofungua ile keisi ya zamani, yaani kasha la kompyuta, mapezi ya kupozea prosesa (chipu kuu) hayakuonekana kabisa. Vumbi lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi.

Nikaamua kujenga upya, nikaanzia kwenye keisi. Wengi huiacha mwisho na kununua yoyote kwa chenji iliyobaki, lakini kwa mfumo wa maji keisi ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu rejeta, ambazo hupoza maji yanayozunguka kama kwenye gari, lazima zipate pa kukaa. O11 Dynamic ilitoka mwaka 2018. Lian Li, kampuni ya Taiwan, waliibuni wakishirikiana na der8auer, yule Mjerumani bingwa wa kusukuma prosesa kupita kiwango chake. Ndani ina vyumba viwili: mbele mazabodi (bodi kuu) na kadi ya grafiki, nyuma pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme), diski na rundo lote la nyaya. Inabeba rejeta za milimita 360 sehemu tatu, juu, chini na ubavuni. Haiji na feni hata moja, kwa hiyo ziweke kwenye bajeti mapema. Mimi keisi peke yake ilinigharimu shilingi 620,000, na vifaa vya maji karibu milioni moja na laki saba.

Keisi niliifuata mwenyewe Dar, kilometa kama 450, na kurudi nikalipia siti mbili kwenye basi, moja yangu na moja yake. Mbele na ubavuni ni kioo kilichoimarishwa kwa joto. Kioo cha aina hiyo kikipasuka, fundi vioo hawezi kukukatia kingine, maana ukikikata kinasambaratika chote. Sikuwa tayari kukiweka kwenye buti chini ya magunia.

Vifaa vya maji niliagiza mtandaoni kwa wauzaji tofauti: pampu yenye tanki lake, bloku za shaba (vipande vinavyokaa juu ya prosesa na kadi na kupitisha maji), fitingi za kuungia mipira, mipira laini na rejeta mbili za 360. Rejeta zote mbili ziliandikwa kuwa ni za shaba. Moja ilikuwa nyepesi mno mkononi, ikanitia wasiwasi, nikazipeleka zote kwa fundi rejeta wa magari ambaye huwa ananihudumia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Hivi vidude ni vya pikipiki gani?"

Nikamweleza. Akavua miwani, akachukua kisu, akakwangua rangi nyeusi kidogo pembeni. Kwenye ile nzito wekundu ukatokea palepale. Kwenye ile nyepesi palikuwa peupe. "Hii ni alumini," akasema. "Ukiifunga na hiyo shaba yako kwenye maji ya mzunguko mmoja, shaba itaila. Mwaka hauishi, utaona tope." Nikamshukuru sana. Aliyeniuzia hakujibu ujumbe wangu hata mmoja, na rejeta ya pili ya shaba ikanichukua wiki tano kuipata. Ukinunua, pima uzito kwanza, na usione aibu kukwangua.

Jambo la pili alilonishauri ni kuhusu maji. Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima vya Makutupora, na kila mwenye birika la umeme anajua ule ukoko mweupe unaoota ndani. Sasa bloku ya prosesa ina mifereji ya upana chini ya milimita moja. Ukoko huo ukiingia humo umekwisha. Nilitumia maji ya betri, yaani maji yaliyotoneshwa, ambayo maduka ya vipuri huyauza kwa chupa. Soma lebo vizuri, kwa sababu asidi ya betri nayo inauzwa rafu hiyohiyo. Nikasuuza rejeta mara tatu mpaka chembe nyeusi zikaisha, kisha nikajaza na kuweka dawa ya kuzuia ukungu.

Kujaribu kama inavuja kulichukua saa 24. Unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa ya pawasaplai ili iwashe pampu peke yake, kila kingine kikiwa kimechomolewa, na unalaza karatasi ya chooni chini ya kila kiungo. Saa nane usiku niliamka kuangalia. Chini ya fitingi ya kadi palikuwa na doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Nikamwaga maji, nikafungua, nikakuta oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, imejikunja kwenye uzi. Nilikuwa nimekaza kwa koleo, wakati nguvu ya vidole inatosha. Nikaanza kuhesabu saa 24 upya.

Sasa matokeo, baada ya miezi kumi, chumba kikiwa nyuzi 29. Prosesa, Ryzen 7 5800X, imeshuka kutoka nyuzi 84 hadi 70, si jambo la kushangaza sana. Kadi, RTX 3080, ndipo maji yanapolipa: kutoka 81 hadi 52, feni zikizunguka polepole. Wiki iliyopita mke wangu aliingia akauliza, "Baba watoto, umezima?" Gemu ilikuwa katikati. Ila msitegemee chumba kipoe. Kadi hiyo peke yake inakula wati 320, na joto lote hilo maji yanalitoa tu kwenye kadi na kulimwaga chumbani kupitia rejeta.

Vumbi bado ni kazi. Feni sita za chini na ubavuni zinaingiza hewa, tatu za juu zinatoa, hivyo hewa inasukumwa nje kupitia nyufa badala ya kunyonywa ndani pamoja na vumbi. Keisi iko juu ya meza; sakafuni, ufagio wa asubuhi unailisha vumbi moja kwa moja kupitia chini. Chujio za chini naziosha kila Jumamosi mwezi Agosti na Septemba, naanika kivulini, na zinachukua dakika ishirini tu kukauka kwa hewa yetu kavu. Desemba nitamwaga maji yote na kujaza mapya, na bloku ya prosesa nitaifungua nione ndani.